Neno Taifa na Kiti cha Dorothée

Ukimkuta Dorothée sokoni Bunia, kwenye safu ya wauza unga wa muhogo, utaona mama wa miaka hamsini na minane mwenye gunia, kopo la kupimia na mdomo usiomwogopa mtu. Wateja wanampenda kwa ajili ya kopo, maana hulijaza mpaka unga unamwagika pembeni. Mdomo wanauvumilia. Anayekuja na kusema "Mama, nipimie" bila salamu, anarudishwa hatua tatu aje upya kama mtu aliyelelewa. Hata madereva wa pikipiki, ambao katika mji huu hawaogopi askari wala tope, wanazima injini kwanza ndipo wamsalimie.

Lakini kila Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana, Dorothée hufunga gunia lake, akanawa uso, akabadilisha kitenge, akapanda pikipiki mpaka mtaa wa Mudzi-Pela. Huko ndani ya nyumba ya vyumba viwili yenye bati lililopata kutu, huwa mtu mkubwa.

Nyumba ile ni ya kamusi. Mwalimu mmoja mstaafu, Muzee Hippolyte, amekuwa akikusanya maneno ya lugha ya watu wa mlimani kwa miaka kumi na miwili sasa, kwa kalamu kwanza, kisha kwa kompyuta inayokula umeme wa jua na kuzimika mvua ikianza. Jina la lugha yenyewe sitalitaja. Wenyewe ni wepesi wa kununa, watasema nimeitamka vibaya, na mimi bado napenda kunywa chai kwao.

Muzee Hippolyte ana utaratibu wake, na hakuna mahali pengine nilipouona. Neno haliingii kwenye kamusi mpaka lipite kwenye kiti cha masikio. Ni kiti cha mbao, kimeelekea ukutani. Anayekaa pale anawapa mgongo watu wote, ili asisome jibu kwenye uso wa mtu wala kwenye midomo ya msomaji. Nyuma yake neno linasomwa mara mbili. Yeye anasema amesikia nini, kisha anatunga sentensi, sentensi ya maisha, si ya kujionyesha. Akitunga bila kusita, neno limepita. Akisita, neno linawekwa alama na kupelekwa mlimani kuulizwa. Hakuna mjadala. Maprofesa wawili waliowahi kufika pale walijaribu kujadiliana na kile kiti, wakarudi kwao wamechoka.

Kwa miaka sita mwenye kiti alikuwa Dorothée. Hakuwahi kumaliza darasa la tatu, na Muzee Hippolyte alimchagua kwa sababu hiyo hiyo. Maneno yake hayakutoka kwenye daftari la mtu. Alikuwa amezaliwa huko juu, karibu na Kpandroma, akalima huko, akaolewa huko na kufiwa na mume huko, mpaka mwaka ule bunduki zilipofika na yeye akashuka na godoro moja kichwani. Bunia ilimpokea kwa kumwandika kwenye orodha. Jina, umri, idadi ya watoto, sahihi ya dole gumba. Alikuwa na shamba la viazi na ng'ombe wawili, akawa namba. Sasa mtu wa namna hiyo ukimkalisha kwenye kiti, ukamwambia, mama, bila wewe neno hili halipiti, unadhani atajisikiaje? Dorothée alikuwa akitoka kule akiwa mrefu zaidi. Alikipenda kile kiti waziwazi, bila aibu, namna watu wengine wanavyopenda ardhi.

Basi mwaka jana akaja Aimé.

Aimé alikuwa kijana wa mlimani aliyesoma Kisangani, akarudi na shahada ya isimu, miwani na viatu visivyojua tope. Si kijana mbaya. Aliipenda lugha ya mama yake kuliko wengi wetu tunavyozipenda zetu, na Muzee Hippolyte alimpokea kwa machozi, maana alikuwa ameanza kuogopa kufa na kamusi ikiwa kwenye herufi ya S. Taabu ya Aimé ilikuwa moja: alitaka lugha iliyooga. Kila neno lililotoka nje alilifuatilia mpaka mlangoni na kulifukuza. Sabuni ilitoka. Meza ilitoka. Kitabu kilitoka, na hapo Muzee Hippolyte akakohoa kidogo.

Jumanne moja wakafika kwenye taifa. Aimé akasoma, mara mbili kama ilivyo desturi. Dorothée, uso ukutani, akajibu kwa lugha yake, papo kwa papo: "Taifa. Watu wa mahali pamoja, wenye mababu wao na mazishi yao. Siku ya soko kila taifa huja na kitu chake."

"Limepita," akasema Muzee Hippolyte.

"Pardon, Muzee," akasema Aimé. "Ile neno haiko ya kwetu. Ni Kiswahili. Na Waswahili nao waliitoa kwa Waarabu. Mimi niko na ya kwetu kabisa, niliipata mu kaye, daftari ya misioneri wa zamani." Akavuta pumzi, akasoma neno refu, la silabi tano, akalisoma kwa heshima kubwa.

Kiti kikakaa kimya. Aimé akarudia.

"Sijue," akasema Dorothée. "Iko dawa ya kuhara?"

Adèle, mama aliyekuwa akipika chai ya ofisi, akacheka nyuma ya pazia mpaka vikombe vikagongana. Aimé akawa mwekundu, kadiri mtu mweusi anavyoweza, na kwa hasira ya aibu akasema jambo ambalo labda asingelisema siku nyingine. Alisema masikio ya Mama Dorothée yameharibika. Alisema miaka saba ya Bunia imeyajaza Kiswahili cha soko, Lingala ya askari na Kifaransa cha orodha za msaada, na kwamba mtu anayekaa uzio mmoja na watu wa taifa lingine hawezi tena kuwa kipimo cha lugha. Akapendekeza atafutwe mama mwingine, wa huko huko juu, ambaye hajawahi kushuka.

"Unaona, weye mwenyewe umesema taifa," Dorothée akamwambia ukuta.

Lakini hakucheka. Muzee Hippolyte, ambaye ugomvi humpandisha shinikizo la damu, akasema Aimé alete ushahidi wa hiyo lugha safi anayoitaka, na Alhamisi ya wiki ijayo kiti kitaamuliwa. Dorothée akainuka, akafunga kitenge chake, akaaga kila mtu kwa jina, akatoka. Siku hiyo alirudi kwa miguu.

Huo uzio mmoja aliousema Aimé ulikuwa wake na Adèle. Huyu Adèle alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto, na tuseme hivyo tu. Watu wa mlimani na watu wa ng'ambo wamefanyiana mambo ambayo sitayaandika hapa. Kila mmoja anayajua ya mwenzake vizuri kuliko yake. Wanawake hawa wawili walifika Bunia mwaka mmoja, wakakimbia kila mmoja ndugu wa mwenzake, na mwenye kiwanja, mtu asiyeuliza maswali, akawapangisha vyumba vinavyogawana ukuta wa mbao. Miezi minne hawakusalimiana. Kila mmoja alimsikia mwenzake akikoroma, akisali na akigombana na sufuria, wala hakuna aliyesema hodi. Mpaka wiki moja ya mvua, kuni zikalowa kwa Dorothée, na mkono ukatokea kwenye pengo la mbao umeshika kaa la moto kwenye kipande cha bati. Mkono tu. Dorothée akapokea. Kesho yake akapitisha unga kwenye pengo lilelile. Sasa hivi wanagombana kama mtu na mdogo wake, na aliyemwombea Adèle kazi ya chai kule kwenye kamusi alikuwa Dorothée mwenyewe.

"Yaya, usilie," Adèle, ambaye humwita hivyo kama dada mkubwa, akamwambia jioni ile wakichambua sombe, majani ya muhogo.

"Siko nalia. Iko moshi."

"Moto hatujawasha."

Dorothée akapangusa macho. Akasema ng'ombe alizoea kuwakosa, nyumba alizoea kuikosa, lakini kama leo wanamwambia hata mdomo wake si wa kwao tena, basi ametoka wapi yeye? Atakuwa mtu wa wapi? Adèle akasema kwao ng'ambo nao husema taifa, bibi yake alikuwa akilisema, na bibi huyo Kiswahili alijua cha kununulia chumvi tu.

"Donc siye wote wawili tumeharibika," akasema Dorothée, na wakacheka, ingawa kicheko chake kilikuwa kifupi.

Muzee Hippolyte naye hakukaa bure. Jirani wa nyumba ya kamusi ni fundi cherehani, Mwislamu ambaye baba yake alitoka Kisangani kufuata dhahabu ya Mongbwalu akaishia kwenye sindano. Muzee akamwendea na suruali ya kupunguza, akamuuliza juu ya taifa. Fundi akatoa sindano mdomoni, akasema hilo wanalisoma hata kwenye Kurani, kwa Kiarabu, kundi la watu. Akaongeza kwamba siku moja askari wa Morocco, wa kambi ya walinda amani, alileta gwanda lake kushonwa, na katika maongezi ya kuishiwa maneno wakakutana kwenye neno hilohilo, wakashikana mikono. Baba yake fundi alikuwa akisimulia pia kuwa Waturuki na Waajemi wanalo, kila mmoja kalikata kwa mwili wake. Muzee Hippolyte alirudi na suruali fupi mno na furaha tele. Neno limevuka jangwa na bahari, akamwambia Adèle, likapanda na misafara ya pembe mpaka kwenye milima yetu, na Aimé anataka kulifukuza leo, wakati limeshachoka kutembea.

Dorothée hayo hakuyajua. Yeye alikuwa na mpango wake, na mpango wenyewe ulikuwa wa kijinga. Aliamua kuusafisha ulimi wake kabla ya Alhamisi. Siku ya Jumamosi, siku ya soko kubwa, aliketi nyuma ya gunia akiwa ameapa kwamba siku nzima hatatamka neno la kuazima. Akija mtu wa mlimani atasema naye lugha tupu, na akija mwingine atamwonyesha kwa mkono.

Saa mbili asubuhi akaja mama wa kwao kabisa. Wakasalimiana vizuri, salamu ndefu, mambo yakaenda. Kisha mama akauliza bei. Hesabu ya bei mlimani wanaitaja kwa Kifaransa, na Dorothée akajikuta amefungua mdomo na hakuna kinachotoka. Akanyoosha vidole. Mama akadhani anaumwa. Ukaja wakati wa kopo: kopo halina jina lingine. Mfuko hauna jina lingine. Akaja kijana akitaka kupimiwa nusu kopo na kubakiza nusu kwa dada yake atakayepita na baiskeli, na Dorothée akamjibu kwa ishara nyingi hivi kwamba kijana akaita watu. Kufikia saa sita habari zilikuwa zimezunguka soko lote kwamba Mama Dorothée amepata kiharusi. Mchungaji akaletwa. Mwuza samaki wa Kasenyi, mwanamke mwenye nguvu, alikuwa ameshaanza kumkanda mgongo kwa mafuta ya mawese alipopiga kelele kwa Kiswahili safi cha Bunia: "Muniache! Niko muzima! Niko nasafisha kinywa!"

Walimcheka mpaka jua likashuka. Na yeye, ambaye si mtu wa kununa peke yake wakati wengine wanacheka, akacheka nao. Lakini usiku alilala akijua jambo moja kwa hakika: hawezi kuwa yule mama anayetafutwa na Aimé. Alhamisi atakwenda kukiaga kiti.

Alhamisi ikafika. Aimé alikuja mapema, amependeza, simu mkononi na kipaza sauti kidogo cha kuweka mezani. Ushahidi wake aliupata Kisangani. Padri mmoja mgeni alizunguka milimani mwaka elfu moja mia tisa themanini na tatu akirekodi watu kwa kaseti; kaseti zikakaa sandukuni miaka mingi, mtu mwenye huruma akazihamishia kwenye kompyuta. Hii moja ilikuwa imeandikwa juu: Msichana, Kpandroma, 1983. Basi.

"Mama Dorothée, si kwa ubaya," Aimé akasema, na kweli hakuonekana mwenye ubaya. "Sikiliza tu. Hivi ndivyo kwetu tulikuwa tunasema, mbele ya kuharibika. Kisha Muzee ataamua."

Dorothée akaketi kwenye kiti chake, uso ukutani. Adèle akasimama mlangoni na birika. Aimé akabonyeza.

Kwanza ukasikika mvumo, jogoo, na padri akiuliza jambo kwa lugha ya mlimani iliyopinda. Kisha sauti ya msichana, nyembamba, yenye majivuno, ikieleza namna ya kuanika ulezi kwa ajili ya pombe. Maneno yalitiririka. Hakuna hata moja la kigeni. Aimé alifumba macho. Muzee Hippolyte, ambaye hakutaka kushangilia upande huo, alishindwa kujizuia akatikisa kichwa kwa utamu. Msichana alijua jina la ulezi uliolowa, jina la ulezi uliokauka nusu, na jina la ule uliokauka ukaanza kupasuka.

"Na utajuaje kwamba sasa umekauka sawasawa?" padri akauliza.

"Unauma punje kwa gego. Mimi nauma kwa upande wa kushoto, kwa sababu gego la kulia linaniuma."

Ulimi wa Dorothée ulikwenda wenyewe upande wa kulia, nyuma kabisa, penye pengo. Lile gego lilimtesa msimu mzima mpaka mganga wa misioni akaling'oa kwa koleo, na yeye akamwuma mganga. Sauti ya kwako mwenyewe huijui ukiisikia nje yako, kila aliyewahi kurekodiwa atakwambia. Lakini jino lako unalijua.

"Unasikia, Mama?" akasema Aimé. "Unasikia utamu ule?"

"Nasikia," akajibu Dorothée. "Huyu binti iko na majivuno."

"Majivuno ya haki! Mtu wa namna hii ndiye anafaa kukaa mu kiti. Pole, lakini ni vile."

"Ni kweli kabisa, mutoto yangu. Ni huyu anafaa."

Aimé akanyoosha kidole kuzima, maana sehemu aliyoinakili kwa maandishi iliishia hapo. Baada yake, alikuwa ameandika kwenye karatasi yake, kuna kelele tu.

"Acha iendelee," akasema Dorothée.

"Mbele iko bruit, Mama."

"Acha. Kiti kimesema."

Na kiti kikisema hakuna mjadala. Aimé akaacha. Padri akakohoa, akamuuliza msichana siku ya soko ni nani huja kununua hiyo pombe. Na yule msichana wa lugha safi, ambaye hajawahi kuiona Bunia, akajibu bila kusita: "Wanakuja mataifa yote."

Muzee Hippolyte akapiga meza kwa kiganja. Aimé akafumbua macho. Msichana hakuwangoja, akaanza kuwahesabu, kila taifa na kitu chake, watu wa ziwani na samaki, watu wa msituni na asali, watu wa dhahabu na chumvi ya vibaba na vitambaa, taifa hili na taifa lile, na kila mara neno lilitoka mdomoni mwake kama lilizaliwa ndani ya nyumba yao.

"Iko nani huyu?" Aimé akauliza kwa sauti ndogo.

"Iko mimi," akasema Dorothée, bado ameupa ukuta uso. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Gego ilitoka, mi nilibaki."

Sasa hapo chumba kililipuka. Muzee Hippolyte alicheka akishika kifua, Adèle alipiga vigelegele, na Aimé, nitampa haki yake, alivua miwani na kucheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyeanguka mbele ya watu na kukuta hajaumia. Akazunguka kiti, akapiga goti mbele ya Dorothée, akamwomba samahani kwa maneno ya mlimani, yale ya kumwomba mama. "Kiti ni yako," akamwambia. "Na neno ni yetu."

Wangeishia hapo, na ingetosha. Ila simu hakuna aliyeikumbuka kuizima, na kwenye zile kelele za Aimé kulikuwa na mtu. Sauti ya mwanamke, ya mbali, ya jikoni. Dorothée aliinua mkono, na wote wakanyamaza.

"Na watu wa ng'ambo?" ilisema ile sauti. "Mbona unawaruka? Hao si taifa?"

"Mama, nyamaza, tunarekodi," akasema msichana.

"Sinyamazi. Mwambie huyo padri aandike. Nilishikwa na uchungu wako njiani, mvua, peke yangu, wanaume wamekwisha tangulia sokoni. Mwanamke wa ng'ambo ndiye aliyetua mzigo wake, akatandika kitenge chake kwenye tope, akakupokea. Mikono ya kwanza kukushika ni yake. Jina lake…"

"Silence, maman, s'il vous plaît," akasema padri, na kaseti ikakatika.

Dorothée aligeuka. Mama yake alikuwa amekufa miaka kumi na tisa iliyopita, na picha yake hata moja haikuokoka moto. Kumbe alikuwa akimngoja humu, nyuma ya kelele. Machozi yalimtoka na hakuyasingizia moshi.

"Siku ile sikusikia," alisema. "Nilikuwa niko nasikia haya sana, mama anapiga kelele mbele ya muzungu. Nilimwambia anyamaze, na mi sikusikia hata neno moja."

Binti wa miaka kumi na saba akiaibishwa na mama yake mbele ya mgeni hasikii kitu, hilo halimhitaji mwenye shahada. Lakini kwa miaka sita alikuwa amelipwa heshima kwa ajili ya masikio yake, na hili lilimpita.

"Alitaja jina," akasema Adèle. Birika lilikuwa bado mkononi mwake, limesahauliwa. "Padri anasema wakati uleule, lakini alitaja."

Aimé akarudisha nyuma. Wakasikiliza, vichwa vinne juu ya simu moja. Sauti ya padri ililifunika jina. Aimé akarudisha tena, akapandisha sauti. Dorothée alilisikia kwa mbali, silabi mbili au tatu, lakini hazikuwa sauti za lugha yake, na masikio yake yakateleza.

Akainuka. Akamshika Adèle mkono, akalichukua birika na kulitua chini, akamkalisha kwenye kiti cha masikio, uso ukutani. Hakuna aliyejadili. Aimé akabonyeza kwa mara ya nne, na Adèle, mgongo wake kwa wote, akasikiliza, kisha akalitamka jina zima, jina la yule mwanamke wa ng'ambo, taratibu na wazi.

Dorothée akalirudia. Akakosea. Akalirudia tena, akalia na kucheka kwa pamoja, akakosea mahali palepale.

"Polepole, yaya," akasema Adèle. "Sema tena."